Kofia ya Dada Thirza

Watu wa Trenalder, kijiji chetu huku Cornwall, wakikusimulia habari za Dada Thirza Keast watakuambia jinsi alivyoimba. Wataimba na wao, watajifuta machozi, watakuonyesha mahali mkokoteni uliposimama. Mimi nilikuwepo. Kuimba aliimba, lakini siku ile kilichosikika zaidi ni mfupa.

Jina langu Honor Olver. Mume wangu Petherick alikuwa bingwa wa mieleka wa parokia yetu kwa miaka saba, na kabla hujanionea wivu, ngoja kwanza. Mpiga mieleka akishinda hurudi nyumbani amelewa, anaimba, analala. Akishindwa hurudi hajalewa vya kutosha. Na bingwa naye hushindwa, tena mara nyingi kuliko watu wanavyopenda kukumbuka. Wao wanazikumbuka kofia za nyuzi za dhahabu alizozawadiwa. Mimi naikumbuka pembe ya meza, na ukuta wa upande wa jiko. Siri ya mtungi aijuaye kata, ndivyo wasemavyo, lakini mtungi ukigongwa kila mara hata majirani husikia. Wetu walisikia, wakafunga madirisha.

Ndipo akaja huyo binti, Thirza. Alikuwa na miaka ishirini na ushei, binti wa fundi viatu kutoka ng'ambo ya nyika, mdogo wa mwili, mkubwa wa nyayo. Alitembea peke yake parokia hadi parokia akihubiri, kwa kuwa Wamethodisti wa tawi lao walikubali mwanamke apande mimbarini. Mimbari yenyewe ilikuwa gunia la shayiri ndani ya banda la Mjane Couch. Kasisi wetu alisema ni aibu. Wanaume wa kilabuni walisema ni kichekesho, na Petherick akaenda kuchekeshwa. Alirudi analia. Kesho yake alilitia moto koti lake la turubai, lile la mieleka, mbele ya darasa zima la Wamethodisti, ndivyo wanavyokiita kikundi chao cha kuungama, akaapa hataingia uwanjani tena.

Mimi sikwenda kuliona likiungua. Yule binti sikumpenda. Sauti yake ilikuwa tamu mno, na watu wenye sauti tamu wameniponza maishani. Lakini toka siku ile Petherick hakunigusa. Krismasi ikapita, Pasaka ikapita, mikono yake inakaa juu ya meza imetulia, na mimi naitazama kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani aliyelala njiani. Sikumwamini. Ila nilikuwa nalala usingizi, na mtu aliyekosa usingizi miaka saba hajali sana nani kamletea.

Sikukuu ya mtakatifu wetu huangukia kiangazi, na Jumatatu yake ni mieleka. Mwaka ule msimamizi wa mashamba ya bwana mkubwa, Hannibal Pascoe, ambaye sisi tulimwita nyapara asipokuwepo, alileta mtu kutoka ng'ambo ya mto Tamar. Jina lake Roger Luxton. Sisi wa Cornwall tunapigana kwa mikono, miguu tuna soksi tu. Wale wa Devon, huko ng'ambo, wanapigana na viatu, na viatu vya Luxton vilikuwa vimelowekwa damu ya fahali na kuokwa mpaka vikawa vigumu kama tofali. Pigo lao ni teke la muundi. Nyapara alisema waziwazi kilabuni kwamba yule binti akikanyaga uwanja wa sikukuu, atatoka Trenalder juu ya mkokoteni wa samadi. Kila mtu aliyeacha kunywa kwa sababu ya Dada Thirza alikuwa ameacha kunywa kilabuni kwake, kwa hiyo hasira yake ilieleweka.

Asubuhi ile nilikwenda bandani. Nilimkuta ameketi juu ya gunia lake, anakula mkate mkavu.

"Wewe ni mke wa Ndugu Olver," akasema. "Karibu, dada."

"Mimi si dada yako. Nimekuja kukwambia leo usiende uwanjani."

"Wamekutuma?"

"Nimejituma. Watakupiga."

"Nimeshapigwa kwingine. Mayai hata nimeyazoea. Naumia tu nikifikiria yangepikwa."

"Nisikilize, mtoto. Watakupiga, na Petherick atanyanyuka kukutetea. Akinyanyuka atapigana. Akishapigana, huyu mume niliyenaye amekwisha, anarudi yule wa zamani. Wewe utakwenda zako parokia nyingine uimbe. Mimi ndiye nitakayebaki naye jikoni. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Na hapa atakayelala si wewe, ni mimi."

Alinitazama kama mtu anayesoma bila miwani. Nikaona maneno hayatoshi. Nikavua kofia, nikamwonyesha pale nyuma ya sikio pasipoota nywele. Nikapandisha mkono wa gauni, nikamwonyesha kiwiko kisichonyooka. Aliweka mkate chini.

"Hili hakuliungama," akasema polepole. "Darasani aliungama pombe. Aliungama matusi. Aliungama mieleka, akalia hata tukalia wote."

"Mieleka!" nikasema. "Kwenu dhambi ni mieleka?"

Alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Siku moja nilikuona kisimani unateka maji kwa mkono mmoja. Nilijiuliza. Kisha nikaacha, kwa sababu alikuwa mtu wangu wa kwanza kuokoka hapa, na nilikuwa nimefurahi sana."

Angalau hakunidanganya. Wahubiri wengine wangenipa aya.

"Siwezi kutokwenda," akasema. "Nimekwisha kutangaza kwamba nitahubiri pale. Nikijificha leo, kesho watamgeukia Mjane Couch na banda lake. Lakini nakuahidi kitu kimoja. Petherick hataingia uwanjani kwa ajili yangu."

"Utamzuiaje?"

"Sijui bado."

Nikamwambia ahadi ya mtu asiyejua ni upepo, nikarudi nyumbani kukanda maandazi ya zafarani, maana sikukuu ni sikukuu hata kama moyo umekaa vibaya. Kisha nikaenda uwanjani pamoja na wengine.

Alianza kuhubiri juu ya mkokoteni uliosimamishwa kando ya uwanja, darasa lake limeuzunguka, Petherick akiwa mbele. Hakufika mbali. Watu wa nyapara walikuwa wamewaweka wapiga kengele kanisani, na alipofungua tu mdomo kengele zote zikaanza. Zikafuata sufuria, zikafuata pembe za ng'ombe.

"We binti, nyumbani kwenu hakuna vyombo vya kuosha?"

"Mtafutieni mume, atanyamaza!"

"Nani amtake? Ana miguu ya mpeleka barua!"

Mayai yakaja, kisha samadi, kisha paka aliyekufa siku nyingi, na paka huyo alimpasukia begani. Dada Thirza aliendelea kuimba. Nilimwona akitema ganda la yai na kushika wimbo palepale alipouachia. Ndipo yakaja mawe. Moja lilimpata Mjane Couch mdomoni, mwanamke wa miaka sabini, akaketi kwenye nyasi damu inamtiririka kidevuni na watu wanacheka. Mzee mmoja wa darasa lao alipigwa gogo mgongoni akaanguka kifudifudi, wakamkanyaga. Jiwe jingine likampasua Dada Thirza juu ya jicho. Petherick alisimama.

"Kaa chini, Ndugu Olver!" akapiga kelele yule binti. Uso wake wote ulikuwa damu na viini vya mayai. Petherick akakaa. Mimi nilikuwa naitazama mikono yake. Ilikuwa inakunjika na kukunjuka juu ya magoti.

Nyapara alikuwa na kijana wake wa kazi chafu, Zacky Bray. Huyu aliparamia mkokoteni kwa nyuma, akashika kofia ya Dada Thirza na kuivuta na utepe wake ungali umefungwa shingoni. Binti alikabwa mpaka macho yakamtoka, utepe ukakatika, na Zacky akaitupa ile kofia hewani. Ikaruka juu ya vichwa vya watu ikaangukia katikati ya uwanja wa mieleka.

Watu walikufa kwa kicheko. Lakini mwamuzi mkuu, Mjomba Jory Hocken, ambaye hakuwa mjomba wa mtu ila kila mtu alimwita hivyo, hakucheka. Aliinua fimbo yake. Waamuzi wenzake wawili wakainua zao.

"Kofia iko uwanjani," akasema.

"Ah, Mjomba Jory, mzaha tu!"

"Kofia iko uwanjani."

Wageni hawaelewi jambo hili. Trenalder watu huiba kuni za kanisa, hulala na wake wa wenzao, humpiga mawe mhubiri. Lakini hawaivunji mila ya uwanja. Kofia ikiangukia nyasi zile, mtu ametoa changamoto, na hakuna anayeuliza kofia ni ya nani wala imefikaje. Lazima ijibiwe. Mwenye kofia au mtu wa upande wake asimame, apigane. Kofia isiyosimamiwa imeshindwa, na mwenye kofia iliyoshindwa hutoka uwanjani asirudi.

Nyapara alikuwa mwepesi wa kuona nafasi. Akasimama kwenye benchi la waheshimiwa, karibu na mkewe. "Vyema kabisa," akasema. "Mila ni mila. Luxton anaijibu. Haya, nani anasimama na kofia ya mama mhubiri? Kama hakuna, mkokoteni wangu uko tayari, na samadi bado ya moto." Alimtazama Petherick, akatabasamu. Alichokitaka ni hicho. Akipigana, Wamethodisti wamempoteza bingwa wao. Asipopigana, wamempoteza mhubiri.

Petherick akaanza kuvua kiatu.

Nilimwona uso. Nilitarajia hasira, na hasira ningeivumilia. Ilikuwa furaha. Alikuwa kama mtu aliyefunga siku nyingi akasikia harufu ya nyama, na sababu njema ya kuila ameletewa mkononi. Nikajua usingizi wangu umekwisha.

Dada Thirza akaruka chini ya mkokoteni. "Kofia ni yangu," akasema. "Nitasimama nayo mwenyewe."

Hapo ndipo kengele ziliponyamaza, maana hata wapiga kengele walitoka kutazama. Waamuzi walisimama vichwa pamoja, wanabishana. Mwishowe Mjomba Jory akakohoa. "Mila haisemi mwanamume. Inasema mwenye kofia. Hakuna aliyefikiria." Wakamvika koti la turubai. Lilimfika magotini. Alipopita mbele ya Petherick alisema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu nikasikia: "Ukiingia nyuma yangu, sitakuita ndugu tena." Petherick akabaki ameketi, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi.

Luxton hakuipenda kazi ile, nitamtendea haki. "Bwana Pascoe," akasema, "mimi sipigani na mtoto wa kike."

"Wiki nzima umekula nyama yangu," nyapara akamjibu. "Sikukuuliza ng'ombe alikuwa dume au jike."

Walipeana mikono kama mila inavyotaka. Kisha Luxton akamshika koti na kumpiga teke la kwanza.

Mieleka yetu huisha kwa mgongo. Mabega mawili na nyonga mbili: sehemu tatu kati ya hizo nne zikigusa nyasi kwa pamoja, waamuzi huinua fimbo na kuita "Mgongo!" Mtu aliyefunzwa huanguka chali, maana ndiko anakosukumwa. Dada Thirza hakufunzwa. Alianguka kwa magoti, kwa ubavu, kwa uso, na kila mara Mjomba Jory alisema, "Si mgongo. Waendelee," na kila mara yeye aliinuka akashika tena turubai la yule mtu kwa vidole vyake vya kushonea viatu. Soksi zake zilikuwa nyeupe, zikawa nyekundu, zikawa matambara. Lile teke lina sauti yake, nyama ikiwa juu ya mfupa. Nyama ikishaondoka lina sauti nyingine. Watu wa mbele waliacha kucheka kwanza, kisha wa nyuma. Mama mmoja alitapika.

Kisha mfupa ukavunjika. Ulisikika uwanja mzima, na mguu wake ukapinda mahali ambapo mguu hauna kiungo.

Alianguka kwa kiwiko na nyonga moja. Si mgongo.

"Inatosha, Mjomba Jory!" watu wakaanza kupiga kelele. "Simamisha!"

Mjomba Jory alikuwa mweupe kama unga. "Siwezi kusimamisha, mgongo haujawa. Sema umeshindwa, mwanangu. Neno moja tu."

Dada Thirza akatikisa kichwa. Akaupanda mguu wa Luxton kwa mikono, akashika mkanda wake, akashika koti, akasimama kwa mguu mmoja akining'inia kwake. Luxton mwenyewe alikuwa analia. "Mwambieni alale chini," akasema. "Kwa jina la Mungu, mwambieni alale."

Kichwa cha binti kiligeuka, akatafuta kwenye umati mpaka akanipata. Hakumtazama Petherick, hakuitazama mbingu. Alinitazama mimi. Nikaelewa kwa nini hasemi ameshindwa. Akisema, mkokoteni wa samadi unakuja, watu wa nyapara wanamshika, na Petherick anaingia. Alikuwa anaitimiza ile ahadi niliyoiita upepo, na hakuwa na njia nyingine ila mifupa yake.

Petherick alikuwa amevua kiatu cha pili.

Sikutaka aingie. Sikutaka pia kumtazama yule mtoto akiuawa kwa ajili ya usingizi wangu. Mambo mawili, yote siyataki. Basi nikavua kofia yangu, nikaitupa.

Kofia ya pili ya upande uleule, ikiingia kabla ya mgongo, huupokea mzigo wa ya kwanza. Mjomba Jory alilitamka hilo haraka sana, kabla nyapara hajafungua mdomo. Walimvua Dada Thirza koti, wakanivika mimi likiwa limelowa. Wakati wanamlaza kando ya uwanja, kichwa mapajani mwa Mjane Couch, aliniambia, "Honor, hapana." Kwa mara ya kwanza aliacha kuniita dada, nikampenda kidogo.

"Honor!" Petherick akaita. "Una wazimu? Rudi hapa!"

Nikaingia uwanjani. Mimi sikuwa nimeokoka, na siku ile hilo lilinisaidia sana.

Luxton alitaka tu yaishe. Nilipompa mkono alinivuta kwa nguvu, na kiwiko chake kikanipata mdomoni. Meno mawili yakaenda. Teke lake la kwanza nililipokea kwenye muundi wa kushoto, nikaona nyota, nikapiga goti moja. Watu walifumba macho. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuona nilichokitaka. Mwanamume anapotaka kupiga, bega la upande ule hushuka kidogo, na pumzi anaizuia. Wote ni mamoja. Mtu asiyejua humwona anayepiga akarudi nyuma, na kule nyuma ndiko pigo linakopata mwendo. Usirudi nyuma. Ingia ndani, kifuani kwake, mkono na mguu vikose nafasi. Utaumia, ila utaumia kidogo. Hayo sikuyasoma popote.

Bega lake likashuka. Nikaingia. Kiatu kilinipita kikanigonga paja bila nguvu, naye akabaki amesimama mguu mmoja kwenye nyasi zilizoteleza kwa mayai na damu ya Dada Thirza. Nikafunga kisigino changu nyuma ya kile alichosimamia, nikamkumbatia, nikamng'ata sikio, jambo ambalo waamuzi hawakuliona, na nikamwangukia kwa uzito wangu wote. Nilihisi mbavu zake zikilia chini yangu. Pumzi yote ilimtoka. Mabega yote mawili na nyonga zote mbili.

Fimbo tatu ziliinuka. "Mgongo!"

Kelele zilizopigwa siku ile sijazisikia tena. Walewale waliorusha mawe walirusha kofia zao. Zacky Bray alinibeba. Nilimpiga kofi akanishusha.

Kwetu, kabla mshindi hajapewa kofia, mwamuzi mkuu humwuliza swali, ili aliyemfunza naye apate sifa yake. Mjomba Jory alinishika mkono akauinua. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Honor Olver! Mkono huu ni wa nani?"

Nilitema damu kwanza. "Wa Petherick Olver."

Uwanja ukalipuka. Wanaume wakamwangukia Petherick, wanampigapiga mgongoni, wanamtingisha. "Bingwa! Hata mkewe bingwa!" Naye akaanza kutabasamu.

"Lini amekufunza?" Mjomba Jory akauliza. "Mbona hatukuwaona hata siku moja?"

"Jikoni," nikasema. "Kila aliposhindwa hapa. Hamkutuona, lakini mlitusikia. Wewe, Mjomba Jory, ukuta wetu ni mmoja."

Mkono wake uliouinua wangu ukashuka wenyewe. Wale waliokuwa wanampigapiga Petherick mgongoni hawakujua waiweke wapi mikono yao. Nyapara ndiye aliyecheka. "Haya, haya, mambo ya mke na mume hayo, tuendelee na sikukuu."

"Ndugu Olver." Sauti ilitoka chini, kwenye nyasi. Dada Thirza alikuwa wa kijivu kama majivu. "Ni kweli?"

Petherick alisimama na soksi zake mbele ya parokia nzima. Alinitazama mdomo. Alitazama ule mguu wa binti. Nilidhani atakana, na nilikuwa tayari kumchukia kwa urahisi mpaka kufa.

"Ni kweli," akasema.

"Mbona hukuungama?"

Alifikiri kweli, uso wake ulikunjana kama wa mtoto mbele ya hesabu. "Sikujua kama hilo linaungamwa," akasema. "Niliungama dhambi. Hilo nilidhani ni nyumba yangu tu."

Hakuna aliyecheka. Nadhani wanaume wengi pale walikuwa wanadhani vivyo hivyo, na walikuwa wanangoja waambiwe kama wamekosea.

"Nami sikukuuliza," Dada Thirza akasema. "Nilikuacha uchome koti." Akafumba macho, akayafumbua. "Nipandisheni mkokotenini."

Walimfunga mguu kwa fimbo mbili za waamuzi, wakampandisha. Nyapara hakuweza kufanya kitu. Kofia imeshinda, mwenye kofia ana uwanja, na angemgusa wangemrarua. Dada Thirza hakuimba. Wale wanaokuambia aliimba wakati ule wanachanganya. Alihubiri kwa kifupi, na mara mbili alizimia katikati ya sentensi wakammwagia maji. Wengine waliondoka wakinung'unika kwamba ameharibu sikukuu. Hakusema juu ya pombe wala mieleka. Alisema ametembea nyika na nyika akiwauliza watu dhambi zao za uwanjani na za kilabuni, akawapita kisimani wale waliokuwa wamebeba jibu, na akaomba wamsamehe. Kisha akauliza ni nani mwingine pale aliyefunzwa jikoni.

Tulitazama chini. Swali kama lile halijibiwi. Kisha kwenye benchi la waheshimiwa akasimama mke wa nyapara, Bi. Charity Pascoe, na glavu zake nyeupe.

"Kaa chini, Charity," mumewe akasema.

Akakaa. Lakini tulikuwa tumeshamwona.

Mfupa wa Dada Thirza uliungwa vibaya, na toka hapo alichechemea parokia hadi parokia mpaka uzeeni. Jioni ile Petherick alimbeba mpaka bandani. Mimi nilikwenda nyumbani kuchemsha maji ya kuosha mdomo. Nilisikia hatua zake njiani, na mwili wangu ukafanya kama ulivyozoea, ukajibana upande wa ukuta kabla sijauambia. Hatua zikaishia nje. Mlango ulikuwa wazi. Hakuingia.

"Honor," akasema. "Niingie?"

Miaka yote ile hakuwahi kuuliza. Alikuwa amesimama na soksi zilizolowa, mikono inaning'inia.

Wamethodisti husimulia kwamba nilimsamehe palepale, tukapiga magoti pamoja. Uongo wa watakatifu ni uongo tu. Nilikula kwanza, upande mmoja wa mdomo. Nikaosha sahani, yangu. Kisha nikaufunga mlango na yeye yuko nje, nikaweka komeo, nikalala.

Alilala zizini mpaka mavuno. Kila jioni alikuja akauliza, na kila jioni nilimjibu hapana, akasema haya, akaenda. Siku niliyomfungulia hakuwa ameuliza; niliamua mwenyewe.